Karatasi Iko Wapi? Mwongozo wa kujua nani anaandika kanuni za mahakama na nani anaweza kuzibadilisha

Tuseme wewe ni mama wa Masereka. Una kesi ya shamba la viazi: jirani amesogeza mpaka, na tribinali ya Butembo imekupangia Jumanne. Umeamka saa tisa ya usiku, umeshuka kwa pikipiki katika baridi na tope, umefika kabla mlango haujafunguliwa. Kijana mwenye rundo la mafaili anakuambia: “Mama, kanuni imebadilika. Siku hizi kesi za mashamba ni Alhamisi.” Wengi wetu tungesema asante, tukatafuta pikipiki ya kurudi. Mwongozo huu unakuomba uongeze neno moja, kwa upole: “Sawa, mwanangu. Karatasi iko wapi?”

Swali hilo si la ubishi. Kila kanuni ya mahakama imeandikwa mahali, imetiwa sahihi na mtu au baraza, na ina siku yake ya kuanza. Aliyepewa mamlaka ya kuiandika ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha, na hakuna mwingine. Ukijua hilo, utaweza kutofautisha kanuni ya kweli na mazoea ya ofisi, na utajua mlango wa kubisha siku ambayo kanuni inakuumiza.

1. Pima uzito wa karatasi

Karatasi za mahakama hazina uzito sawa. Zipange kama magunia, zito chini, jepesi juu.

Chini kabisa iko Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006. Hiyo inasema mambo machache lakini makubwa: kila mtu asikilizwe na hakimu wake wa kisheria (ibara ya 19), vikao viwe wazi kwa watu isipokuwa pale uwazi unapohatarisha amani au maadili (ibara ya 20), hukumu iandikwe na itoe sababu zake (ibara ya 21).

Juu yake ziko sheria. Mfano, sheria oganiki namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013 inapanga tribinali na korti za kawaida na kesi ambazo kila moja inapokea. Hapa pia ziko karatasi mbili za zamani sana ambazo bado zinatumika kila siku: dekri ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mwenendo wa kesi za jinai, na ile ya tarehe 7 Machi 1960 juu ya kesi za madai. Zote mbili ziliandikwa kabla ya Uhuru, na zina nguvu ya sheria. Kwa hiyo ni sheria tu inayoweza kuzigusa. Ndivyo ilivyofanyika tarehe 20 Julai 2006: sheria namba 06/019 iliirekebisha dekri ya 1959 ili kesi za ubakaji zisiozee kwenye makabati. Uchunguzi wa awali ukapewa mwezi mmoja, na hukumu ikatakiwa itoke ndani ya miezi mitatu tangu mamlaka ya mahakama ilipopokea malalamiko.

Gunia la tatu ni kanuni za ndani, ambazo korti inajiandikia yenyewe. La nne, jepesi kuliko yote, ni ordonansi ya mkuu wa tribinali: siku za vikao, saa ya kuanza, chumba gani, nani anakaa na nani.

Kanuni ya magunia ni hii: jepesi halikandamizi zito. Mkuu wa tribinali ana haki ya kuhamisha kesi za mashamba kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Hana haki ya kupunguza siku zako 30 za rufaa ziwe 20, hata akibandika tangazo lenye muhuri mkubwa. Ukiambiwa kanuni imebadilika, jiulize kwanza kilichobadilika ni gunia gani.

2. Jua kanuni ya korti ya juu inavyozaliwa

Wakati wa Rais Mobutu njia ilikuwa fupi. Mwenendo wa kesi mbele ya Korti Kuu ya Haki uliwekwa na ordonansi-sheria namba 82-017 ya tarehe 31 Machi 1982: Rais ametia sahihi, yamekwisha. Katiba ya 2006 iliigawa korti hiyo moja kuwa tatu. Korti ya Katiba inalinda Katiba. Korti ya Kasasyo inakagua kama tribinali na korti za chini zimeifuata sheria. Baraza la Dola, Conseil d'État, linasikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya serikali. Kila moja ina sheria yake: Kasasyo ile ya tarehe 19 Februari 2013 namba 13/010, Korti ya Katiba ile ya tarehe 15 Oktoba 2013 namba 13/026, na Baraza la Dola ile ya tarehe 15 Oktoba 2016 namba 16/027.

Hizi ni sheria oganiki, na kuzitunga au kuzibadilisha kuna ngazi ambazo haziwezi kurukwa:

Kwanza, mtu mwenye haki analeta pendekezo. Wenye haki ni Serikali, kila mbunge na kila seneta (ibara ya 130). Jaji hayumo katika orodha hiyo. Anaweza kushauri, lakini hawezi kupeleka muswada.

Pili, pendekezo likitoka kwa mbunge au seneta, linakabidhiwa Serikali, na chumba cha kwanza hakilijadili mpaka siku 15 zipite.

Tatu, vyumba vyote viwili vinapiga kura, na kinachohesabiwa ni nusu na zaidi ya wajumbe wote, si ya waliohudhuria tu. Bunge la Taifa lina wabunge 500. Chini ya kura 251, sheria oganiki haipiti, hata kama waliobaki wamelala nyumbani.

Nne, kabla ya Rais kutia sahihi, analazimika kuipeleka Korti ya Katiba, nayo ina siku 15 za kusema kama inapatana na Katiba (ibara ya 124).

Tano, inatangazwa katika Gazeti Rasmi, Journal officiel. Inaanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe ikisema siku nyingine (ibara ya 142).

Ukihesabu ngazi hizo utaelewa kwa nini mtu anayekuambia “Kinshasa wamebadilisha wiki iliyopita, imeanza leo” anastahili kuulizwa namba na tarehe.

Na korti yenyewe inaandika nini? Chukua Korti ya Katiba. Majaji wake tisa wa kwanza waliapa mwanzoni mwa Aprili 2015, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 30 Aprili, korti ilikuwa na kanuni zake za ndani. Wamewekwa na watu mbalimbali, watatu kwa hiari ya Rais, watatu kwa pendekezo la Bunge na watatu kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, lakini kanuni za nyumba yao wanaziandika pamoja. Humo mnapangwa kazi za ndani: vikao, ofisi, njia ya faili kutoka grefe, yaani ofisi ya karani, hadi mezani kwa jaji. Hilo ni jambo la heshima kwa mahakama, kwa sababu mtu wa nje akipanga meza ya jaji, kesho atampangia na hukumu. Lakini kazi hiyo inafanyika ndani ya uzio uliojengwa na sheria oganiki. Korti inaweza kupanga foleni. Haiwezi kufunga mlango ambao sheria imeufungua.

3. Kanuni ikibadilika kwa dharura, tafuta mipaka yake

Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuhitaji mfano wa mbali. Tarehe 3 Mei 2021 Rais alitia sahihi ordonansi ya état de siège, yaani hali ya kuzingirwa, kwa mkoa wetu na Ituri, na tarehe 6 Mei ikaanza. Ndani ya siku chache tu, kesi za jinai ziliondolewa kwa mahakimu wa kiraia zikapewa mahakimu wa kijeshi. Mtu aliyekuwa akimfuatilia mwizi wake mbele ya tribinali ya kawaida alijikuta anaelekezwa mbele ya mwanajeshi. Kesi za madai, kama mpaka wa shamba au deni, zilibaki kwa raia. Wengi hawakujua tofauti hiyo, wakakaa nyumbani wakidhani mahakama zote zimefungwa.

Je, ilikuwa halali? Fuata njia ya karatasi. Ibara ya 156 inamruhusu Rais, baada ya kujadiliana na mawaziri, kusimamisha kazi ya jinai ya mahakama za kawaida na kuikabidhi kwa zile za kijeshi, kwa muda na kwa makosa anayoyataja. Ibara ya 145 inataka ordonansi ya namna hiyo ipelekwe Korti ya Katiba mara tu ikitiwa sahihi. Ilipelekwa, na korti ikasema inapatana na Katiba. Ibara ya 144 inaweka siku 30 za mwanzo, kisha nyongeza za siku 15 kwa idhini ya Bunge. Ndiyo sababu redio zilitangaza nyongeza moja baada ya nyingine hadi tukaacha kuhesabu.

Lakini soma ibara ya 156 hadi mwisho wake. Inasema haki ya rufaa haiwezi kusimamishwa. Hata bunduki zikiwa zimesimama mlangoni, aliyehukumiwa ana haki ya kupeleka hukumu yake ngazi ya juu. Basi mabadiliko ya dharura yakija, usiishie kuuliza “nini kimefungwa?” Uliza pia “nini hakikuruhusiwa kufungwa?”

4. Hesabu siku kwa kidole, si kwa kichwa

Kanuni nyingi za mwenendo zinakukuta katika jambo moja: siku. Andika hizi katika daftari la nyumbani.

Wito wa kesi ya madai: siku nane kamili kati ya siku uliyopokea karatasi na siku ya kufika, pamoja na siku moja kwa kila kilomita 100 za umbali. “Kamili” maana yake siku ya kupokea haihesabiwi, wala siku ya kufika. Ukipokea tarehe 1 Juni, anza kuhesabu tarehe 2. Ya nane ni tarehe 9. Basi kikao hakiwezi kuwa kabla ya tarehe 10. Ukiitwa tarehe 6, mwambie hakimu kwa heshima kwamba muda haukutimia, na uombe kikao kisogezwe.

Rufaa ya madai: siku 30. Zinaanza pale unapokabidhiwa hukumu rasmi na mjumbe wa mahakama, yaani huissier, si pale unapoisikia sokoni.

Rufaa ya jinai: siku 10 tu. Kama ulikuwepo kesini, zinaanza siku hukumu inaposomwa. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu familia inatumia wiki nzima kukusanya pesa na kutafuta ushauri, na wiki ni saba kati ya kumi.

Kasasyo: miezi mitatu kwa kesi za madai tangu kukabidhiwa hukumu, na siku 40 kamili kwa jinai.

Sheria ikibadilika kesi yako ikiwa njiani, kumbuka desturi hii: kanuni mpya ya mwenendo inazishika mara moja hata kesi zilizoanza zamani, lakini kilichokwisha kufanywa vizuri chini ya kanuni ya zamani hakifutwi, na haki ya rufaa inafuata sheria ya siku hukumu ilipotolewa. Hata hivyo, angalia ibara za mwisho za sheria mpya, zile zinazosimulia kipindi cha mpito. Ni fupi, hazivutii, na mara nyingi ndizo zinazoamua.

5. Maswali matano mbele ya grefe

Ukifika kwa karani, usianze na malalamiko. Msalimie, mwambie namba ya faili yako, kisha uliza moja moja:

Karatasi inayobadilisha jambo hili ni sheria, kanuni za ndani, au ordonansi ya mkuu wa tribinali? Ina namba gani na tarehe gani? Imetiwa sahihi na nani? Inaanza lini? Inagusa faili langu, au zile mpya tu?

Andika majibu mbele yake. Kalamu ikionekana, majibu yananyooka. Kusoma tangazo lililobandikwa ukutani hakulipiwi. Ukidaiwa pesa kwa huduma yoyote, omba risiti yenye jina la huduma hiyo. Kama kikao kimehamishwa, omba tarehe mpya iandikwe kwenye faili lako, si kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwako tu.

Zingatia pia kalenda. Mwaka wa mahakama unafunguliwa katikati ya Oktoba, na kabla ya hapo kuna likizo inayopunguza vikao. Na tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya mkoa imehamia Beni, na njia ya mafaili mengi imegeuka. Rufaa yako, usiipeleke kwa mazoea ya zamani: uliza grefe iliyotoa hukumu faili linapelekwa wapi leo, na jibu liandikwe.

Huna wakili? Kila chama cha mawakili kinapaswa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure, Bureau de consultations gratuites. Mbele ya tribinali za chini, mtetezi wa mahakama, défenseur judiciaire, naye anaweza kukusimamia.

6. Ukitaka kanuni ibadilike

Tafuta aliyeiandika. Kama shida ni siku ya kikao, kwa mfano imegongana na siku ya soko na watu wa milimani hawapati gari, mwandikieni mkuu wa tribinali barua moja ya kijiji kizima. Kalamu yake inatosha. Kumpelekea mbunge jambo hilo ni kubeba kuku kwa lori.

Kama shida ni sheria, tuseme siku 10 za rufaa ya jinai hazimtoshi mtu anayetembea kutoka vijiji vya juu, hapo mkuu wa tribinali hawezi kitu hata akitaka. Nenda kwa mbunge au seneta wako, maana ana haki ya kupeleka pendekezo peke yake. Mpelekee mfano halisi: siku ya hukumu, siku ya kupata nakala, gharama ya safari. Njia nyingine ni ibara ya 27: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo inatakiwa ijibu ndani ya miezi mitatu. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, miezi mitatu haina pa kuanzia.

Na kama kanuni inapingana na Katiba, ibara ya 162 inampa mtu yeyote haki ya kwenda Korti ya Katiba. Unaweza hata kuisema ukiwa katikati ya kesi yako mwenyewe, na tribinali inalazimika kusimama na kulipeleka swali hilo Kinshasa kwanza. Kwa njia hii, tafuta wakili.

7. Chungulia kwa majirani

Wafanyabiashara wetu wanaovuka Kasindi kwenda Mpondwe wajue kwamba upande wa pili nyumba imejengwa tofauti. Uganda ina kamati maalum ya kanuni inayokutanisha majaji na mawakili, na kanuni zake za kesi za madai zilirekebishwa mwaka 2019 bila kusubiri Bunge. Njia hiyo ni ya haraka, lakini mwananchi hana mbunge wa kumlalamikia. Kenya, Katiba ya 2010 ilimpa Jaji Mkuu kazi ya kuandika kanuni za kesi za haki za binadamu, na mwaka 2013 Jaji Mkuu Willy Mutunga alizitoa: mnyonge akaweza kuanza kesi kwa barua ya kawaida. Tanzania, sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Kongo nayo, tangu Julai 2022, ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Korti ya Jumuiya, yenye makao Arusha, inajitungia kanuni zake kwa idhini ya mkataba, na mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuishitaki serikali huko kwa kuvunja mkataba huo. Lakini ana miezi miwili tu tangu tendo lifanyike au alijue. Aliyekaa akisubiri kesi yake iahirishwe mara ya tatu huku nyumbani, huko ameshachelewa.

Neno la mwisho

Rudi kwenye ibara ya 142, ile inayosema sheria inaanza lini. Ina sentensi ya pili ambayo haisomwi sana. Inaitaka Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Kwa hiyo mama wa Masereka akiomba karatasi katika lugha anayoielewa, haombi msaada. Anadai deni, na deni hilo lina tarehe. Tuliulize kwa karani, tuliulize kwa mbunge, tuliulize kwa barua yenye muhuri: karatasi ya Kiswahili iko wapi?